Firiji ilizoeleka, Jumapili haikuzoeleka: mwongozo kamili wa kuongeza furaha ya kila siku

Likelemba yetu hapa Katuba, mjini Lubumbashi, ina akina mama kumi na wawili. Jumapili baada ya ibada tunaketi chini ya mwembe, kwenye parseli, yaani uwanja wa nyumba, ya yule ambaye zamu yake imefika. Kila mmoja anatoa fungu lake, na mwenye zamu anabaki na fedha zote. Zamu yangu ilipofika, nilinunua firiji. Nilikuwa nimeitamani kwa miaka minne. Juma la kwanza nilikuwa naifungua bila sababu, nisikie tu ule ubaridi usoni. Juma la tatu nilikuwa naipita kama ninavyoupita ukuta. Mwezi wa pili nilikuwa nimeshaanza kuzungumzia televisheni.

Lakini ile Jumapili yenyewe haijawahi kunichosha. Mwembe ni uleule, akina mama ni walewale, vicheko ni vilevile, na bado ikifika Ijumaa moyo unaanza kuingoja. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hesabu hiyo ilinisumbua: kitu nilichokilipia fedha nyingi kilinifurahisha siku ishirini, na kikao kisichonigharimu kitu kinanifurahisha mwaka baada ya mwaka. Nikaanza kusoma, kisha nikaanza kujaribu, kwanza mimi mwenyewe, baadaye na wenzangu wa likelemba. Mwongozo huu umetoka humo.

Nilichokiona kwenye firiji wataalamu walikuwa wamekiona zamani. Mwaka 1978, katika jimbo la Illinois huko Marekani, watafiti waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu kubwa, wakawalinganisha na majirani ambao hawakushinda. Washindi hawakuwa na furaha iliyowazidi wenzao kwa kiasi cha maana. Zaidi ya hapo, mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kula kifungua kinywa, yaliwapa raha kidogo kuliko walivyopata wale wengine. Moyo huzoea. Hilo ndilo tatizo ambalo hatua zote zinazofuata zinajaribu kulishinda.

Niseme jambo moja mapema, maana ni muhimu kwangu. Njaa haitibiwi kwa daftari. Kama nyumbani kwako watoto wanalala bila kula, au mshahara haujalipwa kwa miezi, mwongozo huu hauji kukuambia kwamba ungetabasamu zaidi mambo yangekaa sawa. Fedha za mahitaji huleta furaha halisi, na kuzitafuta ni haki. Ninachokiandika hapa ni kile kilicho mikononi mwetu wakati tunaendelea kuzitafuta.

Hatua ya 1: Andika siku saba kabla ya kubadilisha chochote

Wengi huruka hatua hii, na ndiyo maana wengi huacha njiani. Mtu husema "mimi hufurahishwa na hiki, huchoshwa na kile", na mara nyingi anakosea kuhusu maisha yake mwenyewe. Mimi nilikosea.

Tafuta daftari jembamba la wanafunzi na biki. Kwa siku saba, andika mstari mmoja mara tatu kwa siku. Chagua nyakati ambazo siku yako tayari inazo: ukishawasha mbabula (jiko la mkaa) asubuhi, ukipanda basi la kurudi nyumbani, ukishafunga mlango usiku. Kwenye kila mstari weka mambo manne: saa, unachofanya, uko na nani, na namba kuanzia 0 hadi 10 inayoonyesha moyo wako ulivyo dakika hiyo. Sifuri ni moyo mzito kabisa, kumi ni moyo mweupe. Usikae ukiipima namba. Ile inayokuja kwanza ndiyo uandike.

Hivi ndivyo siku yangu moja ilivyosomeka:

Saa 12 asubuhi, nachota maji, peke yangu, 4.
Saa 11 jioni, natembea kurudi nyumbani pamoja na jirani, 7.
Saa 4 usiku, natazama simu kitandani, peke yangu, 3.

Usiliache lile neno "na nani", hata siku ukiwa na haraka. Siku ya nane, kaa na daftari lote. Zungushia duara kila namba ya 7 au zaidi, na pigia mstari kila namba ya 3 au chini yake. Halafu jiulize: maduara yako yanarudia mtu gani, mahali gani, saa ngapi? Mistari nayo inarudia nini?

Kabla ya kuandika ningeapa kwamba kutwanga sombe (majani ya muhogo) jioni kunanichosha kuliko kazi zote. Daftari lilionyesha 7, mara tatu mfululizo, kwa sababu binti yangu huwa ameketi kando akinihadithia ya shuleni. Ningeapa pia kwamba kulala na simu mkononi ni mapumziko yangu. Daftari lilionyesha 3, 3, 4, 3. Mwenzetu mmoja alikuta kwamba namba zake zote za 8 zimeandikwa kwenye mazoezi ya kwaya siku ya Jumatano, na alikuwa karibu kuiacha kwaya kwa kukosa muda. Hakuiacha.

Hatua ya 2: Toa kokoto kiatuni

Kabla ya kuongeza raha, punguza kero inayojirudia. Kokoto dogo ndani ya kiatu halimuui mtu, lakini litamharibia safari ya kutoka Katuba hadi mjini. Chukua ile mistari ya 3 na chini, tafuta kero moja inayotokea zaidi ya mara tatu kwa juma, uishughulikie hiyo peke yake kwa majuma mawili. Moja tu. Ukishika tano, zote zitakuponyoka.

Kwa nyumba nyingi za hapa, kokoto la kwanza ni usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba, na sisi tuna shida yetu: umeme ukikatwa jioni na kurudi saa nane usiku, nyumba nzima inaamka. Huyu anapiga pasi sare, yule anachaji simu, mwingine anajaza ndoo kwa sababu mashine ya maji imewaka. Asubuhi wote ni wakali, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye roho mbaya.

Kwetu tuliweka zamu. Kila usiku mmoja tu ndiye mwenye jukumu la kuamka, na jina lake limeandikwa kwenye karatasi ukutani. Nguo za juma zima zinapigwa pasi siku ambayo umeme umekaa, hata kama ni Alhamisi mchana. Mwenye zamu analala mapema kesho yake, na hakuna wa kumdai kazi ya jioni. Jambo hilo dogo lilinipandisha asubuhi zangu kutoka 4 hadi 6, na halikunigharimu faranga hata moja.

Kokoto la pili ni simu usiku. Iweke mbali na mkono: juu ya kabati, au kwenye chumba kingine. Ukisema tu "nitajizuia" huku imelala karibu na mto, utashindwa, kama mimi nilivyoshindwa.

La tatu ni deni dogo la jirani unalolikwepa kwa kupita barabara ya nyuma. Mwendee. Mwambie, "Mama, sijasahau, nitakuletea nusu Jumamosi." Kuogopa kukutana naye kila siku kunakula moyo kuliko deni lenyewe.

Hatua ya 3: Rudisha watu kwenye siku yako

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kati ya yote niliyoyajaribu, hii ndiyo iliyobeba uzito mkubwa.

Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya wanaume 724, baadhi wakiwa wanafunzi wa chuo hicho, wengine vijana wa mitaa maskini ya Boston. Waliwauliza maswali, wakawapima afya, mwaka baada ya mwaka hadi uzeeni, na utafiti huo bado unaendelea kwa watoto wao. Daktari Robert Waldinger, anayeuongoza, anasema somo lililo wazi kuliko yote ni kwamba uhusiano mwema na watu ndio hutufanya tuwe na furaha na afya zaidi. Kati ya waliokuwa na miaka hamsini, walioridhika zaidi na watu wao ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika themanini.

Mtu wa Lubumbashi akisikia hayo atasema: hilo bibi yangu alinifundisha. Ni kweli. Mtu ni watu. Lakini tazama jinsi tunavyoishi sasa. Ni lini mara ya mwisho ulikutana na ndugu wote wa upande wa baba yako? Wengi watajibu: kwenye kilio. Tunalala nje siku tatu kwa ajili ya marehemu, tunachanga makala (mkaa) na unga, tunasafiri kutoka Likasi na Kolwezi, tunakumbatiana, tunasema "tusikae hivi tena bila kuonana". Halafu tunaachana hadi kilio kinachofuata. Nimekaa kwenye vilio ambapo watu walimsifu marehemu kwa maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyasikia hata siku moja, na yaliniuma sana. Sisemi tupunguze heshima kwa wafu. Nasema walio hai nao wanastahili kutembelewa.

Fanya hivi.

Andika majina matano. Usiandike wale wanaokufaa kwa kazi. Andika wale ambao ukikaa nao nusu saa, unaondoka ukiwa mwepesi: yaya yako (ndugu yako mkubwa) wa Ruashi, rafiki wa shule ya sekondari, mama mzee wa avenyu ya pili anayejua habari za zamani. Kama huna watano, andika wawili.

Mpe kila mmoja siku yake. Mmoja kwa juma, ili mwezi ukiisha uwe umewazunguka karibu wote. Siku iwe na jina: "Jumamosi ya kwanza, kwa yaya". Ukisema "nitapita siku moja", hiyo siku moja haipo kwenye kalenda yoyote.

Nenda bila sababu. Hili ni gumu kwetu, maana mgeni akitokea bila habari mwenyeji anashtuka: nani amekufa? Anataka kukopa nini? Sema mlangoni kabisa: "Jambo sana. Hakuna neno, nimepita tu kukusalimia." Mara ya kwanza watakutazama. Mara ya tatu watakuwa wanakungoja.

Ondoeni mzigo wa chakula. Watu wengi hapa wameacha kukaribisha wageni kwa aibu ya kukosa cha kuwapa, maana mgeni lazima ale bukari (ugali) na samaki, la sivyo umemdharau. Katika kundi letu tulikubaliana kwa sauti, tukiwa wote tumeketi: anayetembelewa anatoa maji, chai au kikombe cha munkoyo, basi. Akitaka kupika ni hiari yake, lakini haruhusiwi kuomba radhi kwa kutopika. Baada ya makubaliano hayo, matembezi yaliongezeka karibu mara mbili. Wakati wote ule tulitamani kuonana, aibu ndiyo iliyokuwa imetuzuia.

Kama nauli ya basi au ya manseba (pikipiki ya abiria) haipo, piga simu ya sauti. Ujumbe wa maandishi ni mzuri kwa habari, lakini sauti ya mtu inapokatika kidogo kwa kicheko au kwa uchovu, unaisikia, naye anaisikia yako. Dakika tano zinatosha.

Halafu kuna watu usiowajua. Watafiti wawili, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya jaribio kwenye treni za Chicago. Abiria wengine waliombwa kuzungumza na mgeni aliyekaa karibu, wengine wakae kimya. Watu walidhani kimya kingewapendeza zaidi. Waliozungumza ndio walioshuka wakiwa na furaha zaidi. Sisi tuna bahati kwamba salamu kwetu bado si kitu cha ajabu, lakini imeanza kufupishwa. Jaribu kuirefusha kwa watu watatu kwa siku: anayekuuzia makala, kondakta wa basi, mlinzi wa lango la kazini. "Jambo papa, mmelala muzuri? Na watoto?" Subiri jibu. Wengi wetu tunauliza tukiwa tumeshampita mtu.

Tahadhari moja. Kwenye daftari lako huenda jina fulani litarudi pamoja na namba 2. Ndugu anayekutukana, rafiki ambaye kila mazungumzo yake ni kumsengenya mtu. Huna lazima ya kumkata kabisa, hasa akiwa wa damu, lakini unaweza kumpa salamu na heshima bila kumpa jioni nzima.

Hatua ya 4: Toa kidogo, kwa kupenda

Mwaka 2008, Elizabeth Dunn na wenzake huko Kanada waliwapa watu bahasha asubuhi, nyingine zikiwa na dola 5, nyingine 20. Nusu yao waliambiwa wajinunulie kitu au walipe bili, nusu wamnunulie mtu mwingine zawadi au watoe msaada, yote kabla ya saa 11 jioni. Jioni, waliotumia kwa ajili ya mwingine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Watafiti haohao baadaye walipata matokeo ya namna hiyo kwa kulinganisha Kanada na Uganda, kwa hiyo si jambo la matajiri tu.

Najua unachowaza. "Mimi nimeshatoa vya kutosha. Shemeji anadai ada, mjomba anadai dawa, kila mwisho wa mwezi simu inalia." Ni kweli, na hapa ndipo watu wanaposhindwa kutofautisha. Kutoa kunakofurahisha kuna sifa tatu: umechagua mwenyewe, unaona fedha yako ilipokwenda, na unaijua sura ya uliyempa. Mchango unaodaiwa kwa ukali hauna hata moja kati ya hizo, ndiyo maana unatoa na bado moyo unabaki mzito.

Kwa hiyo tenga vitu viwili. Kwa michango ya familia, amua mapema kiasi cha mwezi, na kikiisha sema: "Yaya, mwezi huu fungu langu limeisha, tuangalie mwezi ujao." Sema kwa upole na usimame hapo. Kisha kando, weka kitu kidogo sana, hata noti moja ya faranga 500 kwa juma, kiwe cha kutoa kwa hiari yako. Ndizi mbili kwa mtoto wa jirani anayechelewa kutoka shuleni. Nauli ya mwanafunzi uliyemkuta akihesabu noti zake chache. Na siku noti haipo, toa kazi ya mikono: shika mtoto wa mwenzako ili aoge kwa utulivu, bebana ndoo na bibi. Uandike siku hiyo namba yako baada ya tendo hilo, utaona.

Hatua ya 5: Irudishe akili mahali miguu ilipo

Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walitumia simu kuwauliza watu wazima 2,250, wakati wowote wa siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Matokeo yao ya mwaka 2010: karibu asilimia 47 ya wakati, akili ya mtu haiko kwenye anachokifanya. Na akili ikiwa mbali, mtu huwa na furaha kidogo kuliko ikiwa pale alipo. Ukifua huku unagombana na mtu ambaye hayupo, unapata kazi mbili na raha hakuna.

Siwezi kukuambia uizuie akili isitangetange. Chagua tu tendo moja kwa siku ambalo utalifanya ukiwepo. Langu ni kikombe cha chai ya saa 12. Simu iko mbali, redio imezimwa, nasikia majivu ya mbabula yakitulia. Dakika saba hivi. Akili ikienda kwenye ada, naiita irudi, bila kujigombeza.

Na tumia majira. Mji wetu una zawadi zake na zote zina tarehe ya kuisha. Juni na Julai kuna ile baridi ya asubuhi inayofanya jua la saa tatu liwe kama blanketi. Septemba na Oktoba mijakaranda inachanua, barabara za mjini zinakuwa zambarau juu na chini. Mvua zikianza, akina mama wanapanga uyoga kando ya barabara, masuku, matunda ya porini, yanafika sokoni. Kwa kuwa havikai mwaka mzima, moyo hauwahi kuvizoea kama nilivyoizoea firiji. Ishi navyo kwa makusudi: panga siku moja ya Oktoba upite kwa miguu chini ya mijakaranda pamoja na mmoja wa wale watano.

Usiku, kwa juma moja, fanya zoezi lililojaribiwa na Martin Seligman na wenzake mwaka 2005: kabla ya kulala andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri leo, na kando ya kila moja andika kwa nini lilitokea. Baadhi ya waliofanya hivyo juma moja walionekana kuwa na nafuu hata miezi sita baadaye, hasa walioendelea wenyewe. Lile "kwa nini" usiliache. "Bukari ilitoka laini" ni habari. "Bukari ilitoka laini kwa sababu mwanangu alinisaidia kuisonga" inakuonyesha mtu. Juma likiisha, hamia mara moja kwa juma, Jumapili kwa mfano. Sonja Lyubomirsky na wenzake waligundua kwamba kuhesabu baraka mara moja kwa juma kulisaidia, na mara tatu hakukusaidia. Hata shukrani ikisemwa kama kazi ya nyumbani, inazoeleka.

Hatua ya 6: Mwili

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Shuka basi vituo viwili kabla ya nyumbani ukiwa na mtu wa kutembea naye, na kabla jua halijazama. Pombe kali kama lutuku inasahaulisha jioni moja na kukudai asubuhi inayofuata. Angalia tu namba zako za asubuhi baada ya kuinywa. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

Hatua ya 7: Fungia jambo jipya kwenye la zamani

Nia njema peke yake hufa Jumatano. Peter Gollwitzer, mtaalamu wa saikolojia, alieleza mwaka 1999 njia rahisi: badala ya kusema "nitajitahidi", sema "ikitokea hiki, nitafanya kile". Andika sentensi zako kwa umbo hilo na uzibandike karibu na mlango.

Nikishaweka sufuria ya maji motoni, nampigia mmoja wa wale watano.
Nikipokea chenji sokoni, noti ya 500 inaingia mfuko wa kushoto.
Nikifunga mlango usiku, simu inapanda juu ya kabati.

Anza na sentensi mbili tu kwa mwezi wa kwanza. Na kila baada ya majuma manne, badilisha kitu kidogo ili moyo usizoee: njia nyingine ya kutembea, mtu mwingine wa Jumamosi, tendo lingine la kutoa. Vile vilivyo na watu ndani yake vinahitaji mabadiliko machache, kwa sababu watu wenyewe huja kila mara na habari mpya.

Kama huzuni haiondoki

Kuna huzuni ambayo hatua hizi hazitaigusa. Ikiwa kwa zaidi ya majuma mawili, karibu kila siku, moyo ni mzito, hakuna kinachokufurahisha, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakishuki, unajiona huna thamani, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Si udhaifu wa imani, na si lazima pawe na mtu aliyekuroga. Nenda kituo cha afya useme waziwazi unavyojisikia. Hapa Lubumbashi kuna Kituo cha Magonjwa ya Akili Joseph Guislain kinachohudumia watu wenye shida hizo. Na kama mawazo ya kujitoa uhai yamekuja, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja: amsha mtu, mwambie maneno hayohayo yalivyo, na akusindikize. Ukiwa wewe ndiye uliyeamshwa, usihubiri. Kaa naye hadi kuche, muende pamoja.

Kuanza na kundi lako Jumapili hii

Mtu peke yake huchoka. Kama una likelemba, kwaya au kikundi chochote kinachokutana, kipeleke jambo hili humo. Sisi tuliongeza robo saa tu baada ya kuhesabu fedha. Kila mama anasema mambo mawili: alimtembelea nani juma hili, na nini kilichomletea namba ya juu kabisa kwenye daftari. Hakuna wa kutoa ushauri asipoombwa. Katibu anaandika nani amtembelee nani juma linalofuata, kama anavyoandika mafungu, na kama hukwenda unasema tu "sikwenda", hakuna faini. Faini tuliijaribu mwezi mmoja, wawili wakaacha kuja, tukaifuta, nao wakarudi.

Ukiacha kuandika siku tatu, usirudi nyuma kujaza kwa kukisia, namba za kukisia hazina kazi. Anza na mstari wa leo. Siku ya 30 andika tena juma zima kama ulivyofanya mwanzo, mara tatu kwa siku, halafu fungua kurasa mbili kando kwa kando na uhesabu maduara. Yangu yalikuwa sita mara ya kwanza. Mara ya pili yalikuwa kumi na moja, na tisa kati yake yalikuwa na jina la mtu.